Nilivyoua Vichochoro vya Doha, Kikanishinda Kimoja

Mkija hapa kwangu Kisauni kuniuliza habari za Uarabuni, wanangu, naona macho yenu yameshajijibu kabla sijafungua kinywa. Mwadhani nilifua, nikapika, nikalea watoto wa watu. Kufua nilifua, sikatai, miaka ya mwanzo nilipokuwa hotelini. Lakini kazi iliyonizeesha, iliyonipa haya magoti mnayoyasikia yakilia kila nikiinuka, ni kazi nyingine kabisa. Nilikuwa naua vichochoro.

Msicheke. Wewe Zuhura, funga mdomo, nzi ataingia. Ngojeni niwaeleze.

Doha ile ya zamani, mitaa kama Fereej Bin Mahmoud, nyumba zilijengwa zimebanana, na kati ya nyumba na nyumba mna njia nyembamba. Wenyewe waiita sikka. Ni kichochoro tu kama vyetu vya Mji wa Kale, ila vyao vina mashine za kupozea hewa zinazokudondoshea maji utosini. Sasa, kichochoro si cha mtu. Ni cha mji. Nyumba ya kulia iwe yako na ya kushoto iwe yako, ile njia iliyo katikati si yako, na ukiijengea utajuta. Na miaka ile kila mtu alikuwa anabomoa. Leo nyumba ya babu imesimama, kesho ni kifusi, keshokutwa linapanda jengo la fleti. Mwenye viwanja viwili hataki majengo mawili yenye mwanya, anataka moja pana. Basi inabidi auombe mji uiache ile njia, uifute kwenye ramani, ardhi yake iunganishwe na ya kwake. Ombi hilo lina safari yake ndefu, na msafiri nilikuwa mimi.

Nilianzia jikoni, kwa chai. Ilikuwa ofisi ndogo ya wachora ramani kule Al Mansoura, ghorofa ya kwanza, chini yake mkahawa wa Wahindi, kwa hivyo kila karatasi iliyotoka kwetu ilinukia bizari. Mwenye ofisi alikuwa Mhandisi Idris, Msudani mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili ya barabara. Alikasirika upesi na alisahau upesi zaidi. Aliniajiri nifagie na nipike chai, na nilipika chai ya kwetu, ya maziwa na hiliki, mpaka watu wa mkahawa wakawa wanapanda juu kuomba.

Ofisi kama ile haiwezi kwenda bila mandub. Huyo ni mtu wa kupeleka makaratasi: anatoka ofisi hii ya serikali aenda ile, anapanga foleni, anabembeleza, anarudi na muhuri. Siku moja mandub wetu akaumwa na mgongo, hainuki kitandani. Mhandisi akanikuta nasuuza vikombe.

"Ya Aisha," akaniita. Jina langu Mwanaisha, lakini Waarabu hawana subira na jina refu. "Kiarabu wakisoma?"

"Nakisoma. Nilikwenda chuoni nikiwa mdogo."

"Na kukisema?"

"Nasema cha hotelini. Nikikuambia taulo ziko wapi utanielewa."

Akanitia faili mkononi. Nikafika ofisi ya mji nikakuta wanaume wamejazana mpaka nje ya mlango, kila mmoja na faili kifuani, jasho lawatoka. Nikajipanga nyuma kabisa, nikajisemea leo nitalala hapa. Askari wa mlangoni, kijana wa Uganda, akanijia. "Mama, hapa wafanya nini? Dirisha la wanawake liko kule." Nikaenda huko kule. Palikuwa na binti mmoja Mqatari, jina lake Moza, anabangua pistachio, na mbele yake hapana hata mtu. Akaichukua faili, akaisoma, akapiga muhuri, akanipa na pistachio za kutafuna njiani.

Nikarudi ofisini. Mhandisi akadhani nimefukuzwa. Akaufungua ukurasa, akautazama muhuri, akanitazama mimi, akautazama tena muhuri. "Kuanzia leo," akasema, "chai nitapika mwenyewe."

Na alipika, wallahi. Chai mbaya sijapata kuona. Lakini hivyo ndivyo nilivyokuwa mandub, na kila walipokuwa na jambo la haraka, wenye ofisi jirani walikuja kumwomba Mhandisi awaazime "yule mama wa dirisha la pili."

Kusoma ramani nilifundishwa na Anwar, mpimaji wetu, mtu wa Kerala, mpole wa kupindukia. Ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Wakati wa kula alikuwa akikata chapati yake vipande, anavipanga kwenye sahani: hiki kiwanja, hiki kiwanja, hapa katikati sikka, na kitunguu ndicho kisima. "Ramani, dada, ni kuutazama mji kutoka juu," aliniambia. "Ukuta ni mstari. Mlango ni robo ya duara, kuonyesha unafungukia wapi." Kisha anakula kiwanja cha mteja.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana kuna siku mtaihitaji, hata kama si ya vichochoro. Ukitaka njia ifutwe, unazunguka kwa kila mwenye kitu chini ya ardhi. Watu wa maji, watu wa umeme, watu wa simu, watu wa majitaka. Unawauliza wote swali lile lile: hapa chini mna kitu chenu? Na zimamoto unawauliza kama gari lao lilikuwa likiitegemea njia ile. Kila mmoja akisema hana neno, unaenda kwa majirani, nao waseme hawana neno. Usiende asubuhi mno, kabla mtu hajanywa gahwa yake, ile kahawa ya Waarabu. Usiende karibu na adhana, utamkuta anatafuta viatu. Na muhuri ukipigwa, usiondoke dirishani kabla hujautazama, kwani wino ukiwa mkavu unarudi nyumbani na duara tupu. Na viatu, wanangu, viatu! Nunueni viatu vizuri. Wasichana wa siku hizi mwaenda kutafuta kazi na visigino kama vijiti.

Wako waliojifanya wajanja. Kulikuwa na mteja mmoja, simtaji, aliyeona kusubiri watu wa majitaka ni kujichelewesha. Akakijengea kichochoro jiko, jiko zuri la marumaru, ndipo akatuita tumwombee ruhusa. Watu wa majitaka wakaja na ramani yao na vyuma vyao vya kufungulia. Wakapima, wakapima, wakaingia ndani, wakasimama baina ya jiko na friji. Kifuniko cha shimo kilikuwa pale pale chini ya marumaru. Mke wa mteja alikuwa ameteleka samaki, akakataa kata kata kuiacha sufuria yake. "Fungueni," akasema, "mimi naendelea." Wakavunja sakafu, wakafungua. Loo! Harufu iliyotoka mle, mpaka samaki angekuwa hai angekimbia. Yule mama akawatoa mbio na upawa mpaka barabarani. Mhandisi Idris alicheka siku nzima, halafu akakumbuka kuwa ni mteja wetu, akaacha kucheka.

Tangu hapo nikajiwekea desturi ya kwenda mwenyewe kukitazama kichochoro kabla ya kupeleka ombi. Kichochoro kilichokufa utakijua. Mchanga umelala laini, haujakanyagwa. Taka za upepo zimejikusanya pembeni. Na paka. Mtazame paka. Njia inayopitwa, paka hulala ukutani. Njia isiyopitwa, paka hulala katikati, amejinyoosha, nawe ukija anakutazama kama umemwingilia chumbani.

Kwa hivyo alipokuja Abu Nasir na kichochoro chake cha Fereej Bin Mahmoud, nilikwenda kukitazama. Abu Nasir alikuwa mtu mnene, mcheshi, mkono wazi. Akiingia ofisini lazima aje na boksi la halua. Alikuwa na viwanja viwili, kichochoro kimepita katikati yake, kisha kikaenda kuishia kwenye ukuta wa nyumba ya jirani yake wa nyuma, Said, ambaye lango lake liko barabara nyingine. Njia isiyokwenda popote. Kwenye ramani ya Anwar huko mwisho palikuwa na mstari mnyoofu, ukuta mtupu. Nikafika saa sita mchana, majira ya baridi, jua zuri. Paka watatu wamelala katikati ya njia, matumbo juu. Nikasema hii ni maiti, tuzike, wala sikujisumbua kutembea mpaka mwisho.

Na Said mwenyewe alikubali kwa furaha. Yeye na Abu Nasir walikua pamoja, na kila alasiri Abu Nasir alikuwa kwenye majlisi ya Said, yaani ile baraza ya wanaume, wanywa gahwa na kuzungumza. Said aliishi pale na mamake, Ummu Said, mjane. Karatasi ya kukubali aliitia saini juu ya sinia ya tende, akampa mwenzake mkono: jenga, ndugu yangu, na Mungu akubariki.

Ikabaki jambo moja tu. Lazima ubandike tangazo mwanzo wa njia na mwisho wa njia, likae wiki kadhaa, ili mwenye kupinga aende apinge. Siku hiyo asubuhi nilikuwa kwa Moza, nikachelewa, nikafika kichochoroni baada ya swala ya alasiri. Nikabandika la mwanzo. Nikashika ndoo yangu ya gundi kwenda kubandika la mwisho.

Sikuona ukuta. Niliona mlango. Mlango wa mbao, wa zamani, umepakwa rangi ya buluu, na kizingiti chake kimelika katikati kwa kukanyagwa. Paka wote wamebanana ukutani. Nimesimama pale na burashi yangu nikidondosha gundi kwenye viatu, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe, wabandika nini kwenye mlango wetu?"

Kina mama. Wazee watupu, mabuibui meusi, wengine wamevaa batula, kile kifuniko cha uso cha wanawake wa Ghuba kinachong'aa kama shaba. Huyu ana birika ya gahwa, huyu ana sufuria imefungwa kitambaa, na wa mwisho, mzee kuliko wote, anakuja taratibu na mkongojo. Mlango ukafunguliwa kwa ndani, akatokea mwenye nyumba. Ndiye Ummu Said. Mwembamba, mkono umejaa hina. Hakuniuliza mimi nani. Aliniambia niingie, gahwa inapoa.

Nikaketishwa, nikalishwa. Hawakuniuliza tena mpaka nilipomaliza harisi, boko boko la kwao. Kisha yule wa mkongojo akasema, haya, tusomee. Nikasimama na tangazo langu nikawasomea kwa Kiarabu, kwa sauti, kama nilivyofunzwa chuoni. Nilipofika pale pasemapo kuwa njia hii haina matumizi na jirani ameridhia, nilisikia aibu mpaka masikioni.

Wote wakamtazama Ummu Said.

Nyumba ile ilikuwa na milango miwili. Lango kubwa lilifungukia ua wa mbele, na uani ndipo ilipokuwa majlisi. Tangu alasiri mpaka isha pamejaa wanaume, wamekaa nje kwenye mito majira ya baridi. Hapana mwanamke wa rika lile angepita mbele yao kila siku na sufuria yake kwenda kumwamkia shoga yake. Huu wa buluu ulikuwa mlango wa wanawake. Mumewe aliufungua walipooana, ili wenzake wamjie bila kuonana na mtu. Ummu Said miguu ilikuwa imekwisha, hatoki. Dunia yake yote ilikuwa inamwingilia kwa mlango ule.

"Said amekubali?" akaniuliza polepole.

"Amesaini, mama."

Nikamwambia mbona hili ni jepesi. Kuna dirisha la wanawake, hapana foleni, kuna binti anaitwa Moza, nitakupeleka mwenyewe. Useme hutaki, basi, imekwisha.

"Nende nikamshitaki mwanangu dirishani? Niseme alisaini bila kuniuliza? Hasha."

"Basi mwambie hapa hapa nyumbani."

"Nikimwambia, atafuta kauli yake kwa ajili yangu. Namjua. Na amempa mwenzake mkono mbele ya watu. Nimfanye mwanangu akose uso mbele ya wanaume wenziwe?" Akazungusha kikombe chake mkononi. "Mlango ni mbao tu. Nyinyi mtapita mbele."

Wenziwe wakainamisha vichwa. Kila mtu pale, hata mimi mgeni, alijua kuwa hawatapita mbele. Watakuja mara moja, mara mbili, kisha mmoja goti litamuuma, mwingine atapata wageni, mwisho Ummu Said atakuwa anakunywa gahwa peke yake na kusikiliza wanaume wakicheka upande wa pili. Moyo uliniuma, wanangu, sitawaficha.

Ndipo yule wa mkongojo akaanza kucheka. Kicheko cha chini chini, mabega yanatikisika.

"Amesema tupite mbele," akasema. "Basi tutapita mbele. Kesho. Tena sote."

Nikarudi ofisini moto umeniwaka. "Anwar! Kule mwisho pana mlango!"

Anwar akabadilika rangi. Akaiweka kalamu chini. "Dada," akasema, "nilikwenda alasiri. Kila nikisimamisha chombo changu, mlango unafunguka, kina mama wanatoka. Nikageuka. Nikangoja. Nikaugeukia mlango tena, wanakuja wengine. Nikageuka tena. Niliona haya kuelekeza darubini kwenye mlango wa wanawake. Mwisho nikapima pembe mbili, nikaunganisha mstari."

Mhandisi Idris akapiga meza, vikombe vikaruka. Mlango wa watu unaufuta kwa adabu? Ramani gani hiyo? Alizunguka chumba kizima akitaja kila kosa lililowahi kufanywa na mpimaji tangu Misri ya Firauni. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akajipangusa uso. "Hata mimi ningegeuka," akasema. "Kesho tutamwendea Abu Nasir kwa Said. Habari mbaya husemwa mtu akiwa na gahwa mkononi. Aisha, utakuja na makaratasi."

Kesho yake alasiri tukafika. Yeye akaketi na wanaume uani, mimi nikapelekwa ndani kwa Ummu Said. Chumba chake kilikuwa na dirisha lenye pazia linaloangalia ua. Akanivuta kando yake. Alikuwa hana habari kama wenziwe wamekusudia kweli, au kama jana walikuwa wanamliwaza tu.

Mhandisi ndiyo kwanza amepokea kikombe, anajikohoza aanze maneno yake, langoni pakasikika sauti ya mwanamke: "Njia, enyi watu!"

Wanaume wote wakainuka. Ndiyo adabu ya kule: mama akipita, mnasimama, mnamgeuzia mgongo, mnatazama ukuta mpaka apite. Akapita mama wa kwanza na birika yake. Wakakaa. Mhandisi akafungua mdomo.

"Njia, enyi watu!"

Wakainuka. Akapita wa pili. Wakakaa. Mmiminaji gahwa akainamisha dalla, birika lake. "Njia!" Wakainuka. Gahwa ikamwagika kwenye kanzu ya mtu. Wa tatu akapita, akafika mlangoni, akakumbuka amesahau dawa yake garini. Akarudi. Akapita tena. Wa nne alikuja, akafuatwa na dada yake, lakini si pamoja, la, mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati wake. Ummu Said alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, machozi yamtoka kwa kucheka, ameukamata mkono wangu mpaka unauma. Na Mhandisi wangu, mwenye magoti kama haya yangu ya leo, anainuka na kukaa, anainuka na kukaa, mwisho akaona heri abaki amesimama akiutazama ukuta.

Akaja wa mkongojo. Huyu hakuwa na haraka. Alifika katikati ya ua, akasimama kupumzika. Ua mzima migongo imepangana, nyuso ukutani. Akavuta pumzi. Akajongea mpaka nyuma ya Abu Nasir, akamgusa mgongoni kwa ncha ya mkongojo.

"Hamad," akamwita kwa jina lake la utotoni. "Geuka. Ni mamako."

Hata mimi sikulijua hilo! Jana nimekula naye sahani moja, sikujua. Abu Nasir akageuka, mdomo wazi.

"Mama! Wafanya nini huku?"

"Naja kwa shoga yangu."

"Lakini... mbona wapita hapa?"

"Kule ninakopita kila siku nasikia umekwenda kupaziba."

Yule mtu mzima, baba wa watu, alibaki kama mtoto aliyevunja sahani. Alijua mamake huenda kutembea alasiri. Alidhani dereva humpeleka mahali. Hakupata kuuliza ni wapi. Miaka yote ile ameketi kwenye majlisi ile, na mamake yuko upande wa pili wa ukuta, anakula harisi.

Said naye akageuka. "Ule mlango wa buluu bado hufunguka? Mimi nilidhani tuliufunga zamani, alipokufa baba."

"Aliyeufunga ni wewe," mama wa mkongojo akamwambia, "juzi, kwa kalamu."

Said akaliangalia dirisha letu. Hakuona kitu, pazia limeshushwa, lakini alijua mamake yuko pale. Nilimwona akiweka mkono juu ya kichwa chake. Akamgeukia Abu Nasir amwombe, akakumbuka kuwa alishampa mkono. Hapo ndipo nilipompenda Abu Nasir. Alimwendea Said mbele ya wote, akamkumbatia, akasema kwa sauti: "Mkono ulionipa nimekurudishia. Watu wote hapa ni mashahidi. Nitajenga majengo mawili, na mama zetu watapita katikati." Kisha akamshika mamake mkono kumsindikiza ndani, na wanaume wakageukia ukuta mara nyingine, safari hii mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mhandisi Idris hakupata hata nafasi ya kusema alichokuja kusema. Garini njia nzima alinung'unika kuwa ramani zote sasa ni za kuchora upya, na katikati ya kunung'unika anapasuka kicheko, anapiga usukani.

Nikampelekea Moza barua ya kuliondoa ombi. Akaisoma mara mbili. "Wallahi ya Aisha, watu wote hunijia niwape. Wewe wa kwanza kuniomba nisikupe." Nilipomweleza mkasa, aliacha pistachio zake. Akatoa ramani ya mji, akatazama ule mstari mnyoofu. Akaniambia jambo la maana: Abu Nasir ni mtu mwema, lakini viwanja huuzwa. Atakayenunua kesho akileta ombi, mji utatazama ramani, utaona ukuta mtupu, utafuta njia. Huo mlango haupo mpaka upimwe.

Basi Anwar akarudi kichochoroni, mimi nikamsindikiza. Tulikwenda alasiri, kwa kupenda kwa Ummu Said mwenyewe. Anwar akasimamisha chombo chake. Mlango ukafunguka. Kina mama wakatokea wote, na mbele yao Ummu Said, ameshikwa makwapani na wenziwe. Na yule mpole wangu, kwa mazoea, akageuka akatazama ukuta.

"Mwanangu," Ummu Said akamwita. "Nashukuru kwa adabu yako. Lakini leo usigeuke. Ukigeuka tena, tutapotea tena."

Anwar akageuka pole pole. Macho ameyaweka kwenye kizingiti, hayapandi juu hata chembe, lakini amegeuka. Akatoa tepu ya kupimia, akaniangalia nimshikie ncha. Ummu Said akanyoosha mkono, akaichukua yeye. Aliinama kwa shida, hina yake kwenye ile tepu ya chuma, akaibana kwenye kona ya mlango wake. Anwar akarudi nyuma akiivuta, akasoma kipimo, akainamia ubao wake akaandika.

"Mama, basi, achia," nikamwambia, maana niliona mgongo unamuuma.

Hakuachia. "Ameandika?" akaniuliza.

Nikaenda nikachungulia ubao wa Anwar. Pale penye mstari mnyoofu alikuwa ameweka nafasi, na kwenye nafasi robo ya duara.

"Ameandika, mama."

Ndipo alipoachia.